Aliandika baba ‘anaondoka’, kumbe alitaka kusema ‘anaishi’

Picha iliingia kwenye WhatsApp saa mbili usiku. Ilikuwa ya ukurasa wa daftari, wino wa bluu wa mtoto na wino mwekundu wa mwalimu, na chini yake mdogo wangu anayeishi Mikumi alikuwa ameandika maneno machache: “Dada, huyu mtoto nimfanyeje?”

Mtoto mwenyewe ni binti yake wa kwanza, yuko kidato cha kwanza katika shule ya kata. Walipewa insha fupi ya Kiingereza kuhusu familia. Aliandika sentensi nne. Ya kwanza ilitaja jina lake. Ya pili ilisema, “I leave with my mother in Mikumi.” Ya tatu, “My father leaves in Kilosa.” Ya nne ilihusu wadogo zake, na hiyo haikuwa na kosa.

Anayejua Kiingereza ameshaona tatizo. “Live” ni kuishi, “leave” ni kuondoka. Binti alitaka kusema anaishi na mama yake Mikumi, na baba anaishi Kilosa, ambako ni fundi magari na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Alichoandika ni kwamba yeye na mama yake wanaondoka, na baba naye anaondoka. Familia nzima iko njiani.

Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya darasa, kisha akamuuliza wanahamia wapi. Darasa likacheka. Huenda alikuwa anatania tu. Nimewahi kufundisha, najua jinsi utani unavyoponyoka mdomoni ukiwa na rundo la madaftari mbele yako. Lakini kulikuwa na mjanja mmoja huko nyuma aliyekumbuka kwamba “leave” hiyo hiyo ndiyo iliyotupa “livu”, ile ya mfanyakazi aliye mapumzikoni. Tangu siku hiyo binti yetu anaitwa Likizo.

Kilichomtisha mdogo wangu si jina hilo. Ni kwamba mtoto aliyekuwa haachi kuuliza maswali ameacha kunyoosha mkono, na si kwenye Kiingereza tu. Kuanzia kidato cha kwanza, Baiolojia, Jiografia, Fizikia na mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, kwa mtoto ambaye shule nzima ya msingi amesomeshwa kwa Kiswahili. Akinyamaza kwenye Kiingereza, amenyamaza karibu kila mahali. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu za kumhamishia shule ya kulipia, ada ambayo ingekula mtaji wote wa mgahawa wake pale karibu na stendi.

Nikamwambia asifanye lolote kwanza. Anipe mtoto niongee naye.

“Live ni ile ya mpira”

Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza kwa Kiswahili: “Ulitaka kusema nini kuhusu baba?”

“Kwamba anaishi Kilosa, mama mkubwa.”

“Na kuishi kwa Kiingereza ni nini?”

“Ni livu.”

Jibu ni sahihi, kwa jinsi masikio yetu yanavyolisikia. Nikamuuliza kwa nini basi hakuandika l-i-v-e. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, “Hiyo si laivu? Ile ya mpira?”

Niliweka simu chini nikacheka peke yangu, na sikumcheka yeye. Mtoto ameona neno hilo maisha yake yote kwenye kona ya televisheni za vibanda vya mpira, na kila mtu analitamka “laivu”. Mechi iko laivu. Fulani amechanwa laivu. Kwake herufi hizo zinasomeka hivyo. Sasa amepewa neno jingine linalosikika “livu” na maana yake ni kuishi, ataliandikaje? Amekumbuka kuna neno lingine linalosikika “livu” kweli kweli, l-e-a-v-e, akalichukua. Huo si uzembe. Ni hesabu iliyopigwa vizuri kwa tarakimu zilizokosewa na Kiingereza chenyewe, maana ni Kiingereza kilichoamua kwamba l-i-v-e ikiwa kitendo isomwe kwa njia moja, na ikiwa sifa ya matangazo isomwe kwa njia nyingine.

Mzazi mwenzangu, kama kuna jambo moja ningependa ulichukue hapa ni swali lile la kwanza. Kabla hujamwambia mtoto kwamba amekosea, muulize kwa Kiswahili alitaka kusema nini na kwa nini ameandika hivyo. Mtoto asiyejua maana ya neno na mtoto anayejua maana lakini amedanganywa na sikio wana ugonjwa tofauti. Wote wawili hupata wino mwekundu ule ule.

Sikio lina vikapu vitano

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Zinatosha, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Kiingereza nacho huandika kwa herufi tano hizo hizo, lakini sauti za irabu zinazotamkwa, kwa matamshi ya Uingereza, ni kama 20. Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili ana vikapu vitano kichwani, na sauti zote hizo lazima ziingie humo. Kikapu cha “i” kinapokea sauti mbili ambazo kwa Mwingereza ni tofauti kama mchana na usiku.

Ya kwanza ni ile ya “leave”. Iko karibu na i yetu ya “piga”: midomo inavutwa kama mtu anayetabasamu, na sauti hurefuka. Ya pili ni ya “live”. Hii sisi hatuna. Ulimi unalegea, taya linashuka kidogo, na sauti inakaa mahali fulani kati ya i na e bila kufika kwenye e.

Wengi hufundishwa kwamba tofauti ni urefu tu: moja ndefu, nyingine fupi. Urefu tunaufahamu sana. Sisi ndio wenye kata na kataa, kupa na kupaa, kufa na kufaa, na hakuna mama anayechanganya mtoto anayefaa na mtoto anayekufa. Lakini ukikata tu i ya Kiswahili ikawa fupi, Mwingereza bado anaweza kusikia “leave”. Ulimi usipolegea, kufupisha peke yake hakusaidii sana.

Tatizo hili halihusu neno moja. Kikapu hicho hicho kinachanganya meli na kondoo, yaani “ship” na “sheep”. Kinachanganya kuketi na kiti cha kuketia, “sit” na “seat”, kujaza fomu na kuhisi, tajiri na kufika. Katika Baiolojia mada ya mwanzo kabisa ni viumbe hai, “living things”. Mtoto akiandika “leaving things” ameandika vitu vinavyoondoka. (Na kwa kuwa kujongea ni moja ya sifa za viumbe hai, kuna siku mtoto mmoja atamtetea mwalimu wake jambo hili kwa hoja nzuri tu.)

Kabla hatujajidharau, tukumbuke kwamba sikio la mgeni nalo linakwama kwetu. Mikumi ni mji wa wageni. Wanakuja kwa ajili ya hifadhi, na wachache wao hujaribu Kiswahili. Msikilize mmoja akisema ng’ombe: ile ng’ mwanzoni mwa neno inamshinda, anaishia kwenye ngo ya ngozi. Na wapo wanaotaka kuomba maji ya kunywa, ile w ikawapotea, wakaomba ruhusa ya jambo jingine ambalo ukurasa huu wa familia hauliandiki. Mhudumu anatabasamu, analeta maji. Sijawahi kusikia mtu akisema mgeni huyo hana akili.

La “l” na “r” ni jingine

Mdogo wangu aliponisikia nikieleza haya alisema, “Basi kama wale wanaosema wanakula lice.” Hapana, hilo ni jambo la pili, na dawa yake ni nyingine.

“Rice” ni mchele, “lice” ni chawa. Wilaya ya Kilosa inalima mpunga, kwa hiyo utani huo haukosi watu. Kilosa pia ni wilaya ya watu wengi: Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wenyeji, wajukuu wa waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kwenye Reli ya Kati, na wafugaji waliofika na mifugo yao. Lugha nyingi za nyumbani hazitenganishi l na r, na mtoto aliyezisikia mwanzo hubeba tabia hiyo hadi kwenye Kiingereza.

Lakini hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu chenyewe kinatenganisha. Kuna kula na kura. Kuna kalamu ya kuandikia na karamu ya arusi, kuna mahali na mahari. Mtoto anayechanganya l na r kwenye Kiingereza, msikilize kwanza kwenye Kiswahili. Akiwa anasema “nipe karamu niandike”, anzia hapo, kwenye lugha unayoijua wewe mwenyewe. Hutahitaji mwalimu wa Kiingereza kwa hilo.

Kutofautisha sauti kumewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Waamuzi sura ya 12, pale kwenye vivuko vya Yordani, ambapo mtu aliambiwa aseme “Shibolethi”, na aliyesema “Sibolethi” aliuawa. Shule zetu haziui. Ila ninajua zilizowahi kumvika mtoto kibao shingoni kwa sababu amezungumza Kiswahili, na Ngũgĩ wa Thiong’o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto wa Kenya ya mkoloni walivyofanyiwa vivyo hivyo kwa kusema Kikuyu. Mimi sioni kibao kinavyomfundisha mtu kusikia tofauti ya “live” na “leave”. Naona kinavyomfundisha kufunga mdomo.

Kokoto na harage

Dawa tuliyoitumia inahitaji simu, bando kidogo, na mzazi ambaye si lazima ajue Kiingereza. Mdogo wangu aliishia darasa la saba, na ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kamusi za Cambridge na Oxford zinapatikana bure kwenye intaneti, na kila neno lina alama ndogo ya spika. Ukiigusa, sauti ya mtu inatamka. Huwa kuna mbili, moja ya Uingereza na moja ya Marekani, kwa hiyo kamusi mbili zinakupa sauti nne. Angalizo: kwenye l-i-v-e hakikisha umefungua pale panapoandikwa kuwa ni kitendo, “verb”. Ukigusa ile ya sifa, utapata laivu ya mpira na mtaanza upya.

Mtoto anageuka, hatazami simu. Mbele yake kuna kokoto na harage. Kokoto ni “leave”, harage ni “live”. Mama anagusa spika ya neno moja, mtoto anagusa kitu kimoja, mama anamwambia kapata au kakosa, basi. Mara 20, kisha mnaacha, ugali uko mezani. Hakuna kutamka bado. Sikio ndilo linalotangulia, maana mdomo hauwezi kulenga kitu ambacho sikio halijakiona.

Kubadilisha sauti si mapambo. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu Wajapani, ambao lugha yao haitenganishi l na r za Kiingereza. Waliwasikilizisha jozi za maneno zilizotamkwa na watu mbalimbali, wakiwaambia kila mara kama wamepata au wamekosa. Baada ya wiki chache uwezo wao wa kusikia tofauti uliongezeka. Hao walikuwa watu wazima. Binti yetu yuko kidato cha kwanza.

Siku ya kwanza alipata 11 kati ya 20, yaani alikuwa anabahatisha. Mama yake naye akataka kujaribu, akapata tisa, wakacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Nadhani kicheko hicho kilifanya kazi kubwa kuliko kamusi. Mtoto alikuwa hajawahi kumwona mama yake akikosea Kiingereza, kwa sababu mama hakuwahi kukijaribu mbele yake.

Tembo na basi

Kusikia ni nusu. Kuandika kunahitaji kitu cha kushikilia, na hapa Mikumi yenyewe imetupa.

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Abiria akiwa dirishani anaweza kuona twiga, pundamilia, nyati, na akibahatika tembo, na hajashuka kwenye basi. Kwa hiyo mahali hapo hapo kuna wanaoishi na kuna wanaopita. Tukamwandikia sentensi mbili kwenye karatasi, tukaibandika ukutani juu ya meza yake:

Elephants live in Mikumi.
The bus leaves Mikumi at six.

Zitazame vizuri. “Live” imefuatwa na “in” ndipo pakaja mahali. “Leave” imeshika mahali moja kwa moja, haina “in” katikati. Tembo anaishi ndani ya Mikumi; basi linaiacha Mikumi. Kanuni hii haifai kila sentensi duniani, ila kwa insha ya kidato cha kwanza inabeba mzigo mkubwa.

Na kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi: ipeleke sentensi jana. Kiingereza kikisema jambo lililopita, maneno haya mawili yanaachana kabisa. “Live” inakuwa “lived”, “leave” inakuwa “left”, na hakuna sikio la Kiswahili linaloweza kuchanganya “left” na kitu kingine, maana makondakta wanaipiga kelele kila siku kwa maana ya kushoto. Mtoto akiwa na wasiwasi, ajiulize: jana ningesema “left”? Kama ndiyo, hapa aandike “leave”. Binti alijaribu na sentensi yake mwenyewe: “My father left in Kilosa.” Akaitazama. “Hapana,” akasema, “baba hajaacha kitu.” Akairekebisha bila mtu kumwambia.

Kuna mitego mingine karibu na hapo. Ukiongeza s kwenye “leave” unaweza kuwa na majani ya mti, na “lives” inaweza kuwa maisha ya watu wengi, ikasomwa kwa sauti ya laivu. Sikumwambia hayo. Yatakuja.

Kuhusu shule ya kulipia, mdogo wangu ameahirisha. Sisemi shule hizo ni mbaya, kila mzazi anajua mfuko wake na mtoto wake. Nilichomwambia ni kwamba mtaji wa mgahawa ni mwingi mno kuutoa kwa sababu ya sauti moja. Alikwenda badala yake kumwona mwalimu, akampelekea lile daftari na kumweleza habari ya “laivu ya mpira”. Mwalimu, anavyosimulia, alikaa kimya kidogo kisha akasema hajawahi kulifikiria hivyo. Wiki iliyofuata aliuliza darasa zima ni nani anayeweza kusoma l-i-v-e kwa njia mbili, na binti yetu alinyoosha mkono.

Likizo fupi iliyopita walikwenda kumtembelea baba. Kutoka Mikumi kwenda Kilosa unapita kata inayoitwa Ulaya, na wenyeji hawachoki na utani huo, kwamba wao Ulaya wanafika kwa nauli ndogo. Jioni hiyo nilipata ujumbe kutoka kwenye simu ya mama yake. Ulikuwa wa Kiingereza: “We left Mikumi at seven. We passed Ulaya. Now we are in Kilosa where father lives.”

Nikampigia kumpongeza, nikamuuliza mambo ya shule. Alama alizopata kwenye mchezo wa kokoto sasa ni 18 kati ya 20, mama yake 15. Nikauliza kama wenzake bado wanamwita lile jina.

“Bado, mama mkubwa,” akasema. “Ila sasa wakiniita nawauliza wanaliandikaje.”